Bangili ya Chakula: Huduma ya Tap2Eat Shuleni Nairobi
Katika Dishi na County, mpango wa kaunti wa kuwapa wanafunzi chakula shuleni uliozinduliwa Nairobi mwaka 2023 kwa ushirikiano na shirika la Food4Education, mzazi huchangia shilingi 5 tu kwa kila mlo. Kinachonivutia zaidi ni bangili ya Tap2Eat: mzazi hulipa kwa M-Pesa, naye mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa maalumu, kisha hupokea chakula bila kubeba hata sarafu moja ambayo ingeweza kupotea au kunyang'anywa njiani. Ubunifu huu, unaomfaa hata mtoto wa gredi ya kwanza ambaye bado anajifunza kusoma, naupa alama za juu kabisa. Ningependa mabenchi na mahali penye kivuli pa kulia wali na ndengu pia vibuniwe kwa uangalifu uleule.