TAHADHARI: seti za "kuimarisha" mikono ya mbele ya magari ya kujiundia

Ndugu mnaojiundia magari, msinunue seti ya kuimarisha sehemu ya mbele kwa muuzaji anayesema dhamana inakufa ukikwangua rangi. Sharti hilo ndilo linaloufanya wizi huu ufanikiwe, kwa sababu kasoro zote zimefichwa chini ya rangi, na mnunuzi huzigundua gari likiwa tayari barabarani.

Matangazo yenyewe yanafanana. Picha ya mikono minne ya umbo la A (vyuma vinavyounganisha gurudumu na chesi) iliyopakwa rangi ya unga inayong'aa, bushi (vikombe vya ekseli ya mkono) za poliyurethani, yaani plastiki ngumu, bolti mpya, boljointi (kiungo cha duara kinachouacha gurudumu ligeuke), na vipande vya bamba vya kuchomelea "kuongeza nguvu". Malalamiko yakizidi, jina la duka hubadilika, picha na maelezo yanabaki yale yale. Malipo yanatakiwa moja kwa moja, nje ya mfumo wa soko unaomlinda mnunuzi. Kabla ya kutuma chochote, zitafute picha hizo mtandaoni. Mara nyingi zimechukuliwa kwenye karakana isiyohusika kabisa. Kisha omba mambo mawili: picha ya mkono kabla haujapakwa rangi, karatasi yenye tarehe ya siku hiyo ikiwa kando ya mchomeleo, na bei ya chuma kitupu bila rangi. Fundi mwenye kazi nzuri hukubali bila shida. Anayekataa yote mawili mwache.

Kama mzigo umeshafika, anza na mizani. Wengi wa wauzaji hawa huandika bomba la milimita 25 lenye unene wa milimita 3, lisilo na mshono. Uzito wa bomba la chuma kwa mita moja hupatikana hivi: kipenyo cha nje ukitoa unene, zidisha kwa unene, zidisha kwa 0.02466. Bomba la 25 kwa 3 linatoa takriban kilo 1.63 kwa mita. La 25 kwa 1.5 linatoa kilo 0.87 tu. Pima urefu wa miguu yote miwili ya mkono. Ikiwa jumla ni mita 0.8, bomba peke yake linapaswa kuwa na kilo 1.3, likiwa jembamba litakuwa na kilo 0.7. Mirija ya bushi na bamba la boljointi huongeza uzito, kwa hiyo ikokotoe pembeni na uiondoe. Mkono mzima, pamoja na mirija na bamba lake, ukiwa chini ya kilo 1.3, hakuna haja ya kubishana zaidi: bomba si la milimita 3. Bomba hilo jembamba hubaki na takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa kukinza kupinda, na wakati wa kuchomelea huungua kwa urahisi, hivyo sehemu dhaifu zaidi huwa pale pale kando ya mchomeleo.

Baada ya mizani, kwangua. Ndiyo, dhamana itakufa, lakini dhamana ya mtu anayekataza ukaguzi haikuwa na thamani tangu mwanzo. Piga picha kila upande kwanza. Ondoa rangi kwa kemikali ya kutolea rangi na brashi ya waya mahali mguu unapokutana na mrija wa bushi, na pale bamba la boljointi linapokaa. Usitumie grenda hapo, kwa maana inasawazisha ushahidi. Unachotafuta ni puti iliyojazwa kufunika pengo, vitundu vya gesi, mchomeleo uliokaa juu ya chuma bila kushikana nacho, na ukingo uliolika kando yake. Ufa mwembamba hauonekani kwa macho, kwa hiyo tumia rangi ya kupenya: safisha kwa kiyeyushi, pulizia rangi nyekundu, subiri dakika 10 hadi 20, futa kabisa kwa kitambaa, pulizia unga mweupe. Ufa utajichora wenyewe kama mstari mwekundu. Mikono iliyopakwa kromu nayo iepukwe. Kromu huficha nyufa, na upakaji wake kwa umeme unaweza kuingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu kikavunjika ghafla.

Bolti ndizo zinazoua kimya kimya. Alama ya 8.8 kichwani maana yake chuma kinakatika kwa takriban niutoni 800 kwa milimita ya mraba na kuanza kulegea kwa asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Bolti isiyo na alama ihesabiwe kuwa 4.6: 400 na 240. Bolti halali huwa na alama ya kiwanda pamoja na daraja lake. Namba peke yake, hasa iliyopigwa vibaya au iliyochorwa, inatia shaka. Toa moja kafara. Bana bolti ya M10 kwenye jiliwa na vipande vya chuma, nyuzi zikiwa kavu, kisha kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi niutoni-mita 45 au 50. Ya 8.8 inahimili bila tatizo. Ya daraja la chini utaisikia ikilainika mkononi, nati ikizunguka bila kukaza, na ukiifungua nyuzi zitakuwa zimevutika. Iwe imefaulu au imefeli, itupe.

Tazama pia urefu wa sehemu laini isiyo na nyuzi. Bolti ya mkono inabeba mzigo pale braketi (masikio ya chuma kwenye chesi yanayoushika mkono) na mrija wa ndani wa bushi vinapokutana, na hapo panatakiwa sehemu laini. Seti hizi mara nyingi huja na bolti zenye nyuzi hadi kichwani. Nyuzi hukatwa kidogo kidogo na ukingo wa braketi, tundu linapanuka, usukani unaanza kucheza.

Kwenye bushi, kipimo kimoja kinatosha. Mrija wa chuma wa ndani lazima uwe mrefu kuliko poliyurethani yenyewe, kwa takriban nusu milimita, ili bolti ikikazwa braketi iubane mrija wakati bushi inabaki huru kuzunguka. Mrija ukiwa mfupi, bolti inabana bushi. Mkono unakuwa mgumu kupanda na kushuka, mzigo wote unahamia kwenye braketi, na braketi inararuka. Wapo wanaoshauri kulegeza bolti ili mkono uzunguke. Usifanye hivyo kamwe.

Boljointi zina hila ya mchongoko, yaani shina linalopungua unene kuelekea ncha. Nako, kile chuma kinachobeba habu na breki, huwa kimetoka kwenye gari la kiwandani, na tundu lake lina mchongoko wake maalumu. Muuzaji hutuma boljointi yoyote inayoingia. Chora mistari ya kalamu ya wino kando ya mchongoko wa boljointi, iingize, izungushe robo mzunguko, itoe. Mistari ifutike kwa urefu wote. Ikifutika juu tu au chini tu, boljointi itatikisika ndani ya tundu na shingo yake itakatika. Mwongozo unaokuambia uweke washa mbili tatu chini ya nati ili ikaze ni dalili ya kosa hilo hilo. Katika baadhi ya seti boljointi hubadilishwa kwa rodi endi (viungo vya duara vyenye shina la nyuzi) za bei nafuu zinazosimamishwa wima kubeba uzito wa gari. Nyuzi za rodi endi zimeundwa kuvutwa na kusukumwa. Zikipindwa, hukatika kwenye uzi wa kwanza karibu na nati ya kufungia.

Springi zilizoandikwa namba kubwa ya ugumu nazo zipimwe. Ya paundi 350 kwa inchi ni sawa na niutoni 61 hivi kwa milimita, kwa hiyo mzigo wa kilo 62.5 unapaswa kuibana milimita 10. Waya ukipungua milimita moja tu tofauti ni kubwa: springi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 57 na mizunguko 6 inayofanya kazi hutoa takriban niutoni 55 kwa milimita ikiwa na waya wa 10, na 38 tu ikiwa na waya wa 9.

Sasa zile bamba za kuongeza nguvu. Hapa madhara ni makubwa kuliko hasara ya fedha, maana maelekezo yanasema zichomelewe kwenye nako au kwenye stabu ekseli (ekseli fupi inayobeba gurudumu). Vyuma hivyo vimefuliwa au kusubuliwa na kupewa ugumu wake kwa joto la kupimwa. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu huo, na ufa unaanzia kando ya mchomeleo. Nako iliyopinda au yenye ufa hubadilishwa, haichomelewi.

Na ukweli ambao tangazo halitaji ni kwamba kwenye magari mengi ya kujiundia mkono si mahali panapovunjika kwanza. Kinachoshindwa ni braketi iliyochomelewa katikati ya ukuta mwembamba wa bomba la chesi, ambalo mara nyingi ni la mraba la milimita 25 lenye ukuta wa 1.6. Kuweka mkono mgumu zaidi hapo kunapeleka kila pigo la shimo moja kwa moja kwenye ukuta huo. Anayetaka kuimarisha aanzie kwenye braketi. Simamisha chesi kwenye stendi, ondoa mkono, tenganisha betri, altaneta na kompyuta ya injini. Kabla ya kukata chochote, pitisha fimbo ya chuma iliyonyooka, yenye kipenyo cha bolti, katika braketi ya mbele na ya nyuma za mkono huo huo, na uiache humo wakati wote wa kushikiza na kuchomelea hadi chuma kipoe. Bila fimbo, joto litavuta matundu na mkono hautaingia, au utaingia kwa kulazimishwa. Braketi yenye ufa ikatwe yote. Chini ya mpya weka bamba la milimita 2 linalokumbatia pande mbili za bomba, ncha zake zikatwe mshazari. Ncha iliyokatwa mraba huacha mchomeleo unaovuka bomba, na bomba hukatika kwenye mstari huo. Bamba nene la milimita 5 au 6 si bora. Linahamisha ufa hadi ukingoni mwake. Usichomelee chuma chenye zinki kabla ya kuiondoa, moshi wake una sumu.

Ukirudisha, nati za nailoni ziwe mpya, nati za taji (zenye mipasuo juu) ziwe na spliti pini, pini inayozuia nati kufunguka. Kabla ya kuweka springi, pandisha na kushusha gurudumu milimita 50 kila upande ukipima mwelekeo wake. Likigeuka lenyewe kwa kiasi kinachoonekana, urefu wa mikono na wa rodi za usukani haviendani, na hakuna alaimenti itakayoliponya. Mkono wa kulia na wa kushoto usitofautiane zaidi ya milimita moja. Kaza tena kila bolti baada ya kilomita 100 hivi.

Kama seti ya aina hii imeshafungwa kwenye gari lako, usiliendeshe. Mlio wa "tak" unapofunga breki, gari kuvuta upande mmoja, tairi kulika ndani tu, au mstari mwembamba wa kutu unaochungulia kwenye rangi kando ya mchomeleo, kila kimoja kinatosha kulisimamisha. Hifadhi kifurushi, risiti, mazungumzo na picha zenye venia (kipimo cha unene) na mizani zikionekana vizuri, kisha dai marejesho kupitia benki au mfumo uliolipia kabla muda wa madai haujapita. Ripoti tangazo pia. Vipuri usimrudishie muuzaji mpaka fedha zirudi, na vikibaki kwako, vikate kwa msumeno katikati kabla ya kuvitupa, asije mwingine akaviokota akavifunga.