Mwaka mzima na Connections: fumbo la maneno ninalofungua ferini

Ni zaidi ya mwaka sasa sijavuka feri ya Likoni asubuhi bila kufungua Connections. Ni mchezo wa maneno wa The New York Times, ulianza Juni 2023, na mhariri wake ni Wyna Liu. Unapewa maneno 16, uyapange makundi 4 ya maneno manne manne yanayohusiana. Ukikosea mara 4, mchezo umekwisha na unaonyeshwa majibu. Fumbo ni moja tu kwa siku. Hubadilika saa sita usiku kwa saa ya simu yako, kwa hivyo sisi wa Mombasa tunalipata la kesho huko New York bado ni jioni. La leo halilipiwi. Ukitaka ya nyuma ndipo unapotakiwa kujisajili kwa malipo.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nashindwa karibu kila siku, na kilichoniponza ni pupa. Nikiona maneno manne yanayokwenda pamoja, nabonyeza papo hapo. Kumbe mtungaji ameweka la tano makusudi, na moja kati ya yale niliyochagua lilikuwa na kwao kwingine. Siku hizi nikiona manne, kwanza natafuta la tano. Nikilipata, kundi hilo naliacha vile vile nihangaike na mengine. Kitufe cha kuchanganya nakitumia sana, kwa sababu jicho likishazoea mpangilio mmoja huwa halioni tena. Kuna msaada mwingine: ukiwa umepata matatu na kukosa moja, unaambiwa. Na hakuna saa inayokuhesabia, basi hata foleni ya feri ikiwa ndefu vipi, fumbo linakungoja.

Makundi yana rangi. Njano ndilo jepesi, kisha kijani, kisha buluu, na zambarau ndilo gumu kuliko yote. Hilo la zambarau ndilo linalonirudisha kila siku, maana mara nyingi halishughuliki na maana ya maneno bali umbo lake. Tuseme umewekewa maji, sheria, habari na siasa. Utazunguka wee ukitafuta yanahusiana nini, hadi siku utakayoyatangulizia “mwana”: mwanamaji, mwanasheria, mwanahabari, mwanasiasa. Kwa Kiingereza ni mchezo huo huo. Siku nikilifungua la zambarau kwanza, natuma matokeo yangu, ile miraba ya rangi, kwenye kundi letu la WhatsApp kabla sijashuka ferini.

Niseme pia kwamba maneno yake ni ya Marekani. Utakutana na timu za beisboli, peremende za kwao, vipindi vya televisheni ambavyo hapa havikufika. Mimi siku hiyo sikisii. Nafungua matatu ninayoyajua, na la nne linabaki limejipanga lenyewe. Anayeanza naye Kiingereza chake si kizuri sana, asivunjike moyo. Nimejifunza maneno mengi kwa njia hii kuliko nilivyojifunza darasani.

Lakini faida kubwa niliyoipata ni nyingine. Huu ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji, watu wake walifumbiana na kufumbuliana kwa mashairi tangu karne ya 19, nami nimekua nikitegewa vitendawili. Nikajiuliza, kwa nini nisitunge la kwetu? Nikachukua karatasi nikaandika maneno 16, nikampelekea nyanya: paa, mbuzi, buibui, papa, mlango, taa, chungu, leso, ukuta, changu, kinu, kanzu, dirisha, pono, upawa, kikoi.

Alivaa miwani, akaenda moja kwa moja nilipomtegea. “Paa, mbuzi, buibui. Hawa wanyama. Na papa mnyama wa baharini.” Nikamwambia hapana, umekosa. Akatia mlango, dirisha, ukuta na taa, kwamba ni vitu vya nyumba. Hapana tena, ila umekosa moja tu. Akanyamaza. Karatasi ameilaza pajani, kidole kinatembea juu ya maneno, kinarudi, kinasimama kwenye mbuzi. Kisha akageuza shingo akaitazama mbuzi yake ya kukunia nazi, pale pembeni ya jiko, bado ina machicha ya asubuhi kwenye meno.

“Ala! Kumbe ni huyu!”

Hapo yote yakafunguka. Mbuzi, kinu, chungu na upawa vikaingia jikoni. Buibui akawa vazi, pamoja na leso, kanzu na kikoi. Paa ikarudi juu ya nyumba na ukuta, mlango na dirisha. Taa ikawa samaki, na papa, changu na pono. Makosa mawili tu, na huyu ni mtu ambaye hajapata kushika mchezo wa simu maishani mwake.

Siku ya pili alinipigia niende na kalamu. Amenitungia lake, maneno 16, nimelibeba siku tatu sasa kwenye mkoba. Limeanza na kaa, tembo, kanga na panda, na kwa jinsi ninavyomjua, hakuna hata mawili kati ya hayo yanayokaa pamoja. Nimeshakosea mara 3.