Lord of the Flies ya William Golding, nyota 4 kati ya 5

Aisee hiki kitabu ni cha 1954 na si kinene ila usikisome usiku. Watoto wa kiume wa Kiingereza ndege yao inaanguka kisiwani, mtu mzima hakuna hata mmoja, mwanzoni wana adabu zao kabisa, wanampigia kura Ralph awe kiongozi, anayetaka kuongea kwenye kikao lazima ashike kombe la baharini, moto wanawasha mlimani ili meli zione moshi. Alafu katoto kamoja kanasema kameona dude porini. Basi, imeisha hiyo.

Hapo ndo Golding kanimaliza, maana dude lenyewe halipo, kule juu kuna maiti ya mwanajeshi imenasa na parachuti yake upepo unaiyumbisha, wavulana wale wakubwa kidogo walipanda gizani wakachungulia wakatoka mbio, Simon, mmoja wao, peke yake ndo alienda kuangalia vizuri, na akishuka kuwaambia wanamuua wenyewe kwenye ngoma yao ya uwindaji, mvua inapiga, wanadhani dude ndo yeye. Nilikiweka pembeni kwanza.

Jack, mkuu wa wawindaji na mpinzani wa Ralph, naye hana hoja yoyote ujue, anagawa nyama na ulinzi tu, na wenzake wanamhamia. Piggy, yule mvulana mnene mwenye akili, na miwani yake hata sisemi.

Nyota moja nimekata kwa maelezo ya mapori na mawe, marefu mno, nilikuwa naruka. Kiingereza chake nacho kaa na kamusi karibu.