Yufrasia kavu ya macho, pakiti ya gramu 50: nyota tatu

Pakiti ni ya duka la dawa za asili, Darajani. Imeandikwa Euphrasia officinalis, mmea wa malisho ya Ulaya ambao mizizi yake hunyonya mizizi ya nyasi jirani. Kaua lake jeupe lina michirizi ya zambarau na doa la manjano. Wazee wa huko waliliona kama jicho, basi likawa dawa ya macho.

Majani ni safi na maua bado yanaonekana, ila chini ya pakiti kuna vumbi jingi, na hapo ndipo nyota ya kwanza ilipopotea. Vumbi hilo hupita kwenye chungio la chai, likikauka kwenye kope linakwaruza kama mchanga. Chuja mara mbili kwa melimeli safi iliyokunjwa mara nne.

Kipimo changu ni gramu 2, kama kijiko cha chai kilichojaa, kwa mililita 200 za maji yaliyochemka hasa. Funika kwa sahani dakika 10, chuja, subiri yawe vuguvugu. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi usiyatumie: kuchemsha huua vijidudu, chumvi inabaki palepale na inawasha. Chovya pamba safi, kamua, weka juu ya jicho LILILOFUMBWA dakika 10. Kila jicho na pamba yake, la sivyo matongo ya huku yanahamia kule. Yaliyobaki mwaga, hayalali hadi kesho.

Muuzaji atakwambia utie matone ndani. Usitie. Maji ya jikoni si dawa ya matone, na Kamisheni E ya Ujerumani, jopo la wataalamu wa dawa za mitishamba, haikuupendekeza mmea huu kwa macho, usafi huohuo ukiwa moja ya sababu zake.

Kwa macho yaliyochoka na kope zilizovimba kwa vumbi, inatuliza. Kwa chokea, kusema kweli, kitambaa cha maji moto matupu kinafanya kazi ileile bure. Nyota ya pili hiyo. Mtoto wa jicho na presha ya macho haigusi kabisa. Jicho likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mwenye lenzi azivue kwanza.

Ukishaifungua, hamishia kwenye chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Masika majani hulainika upesi, yakianza kunuka uvundo tupa yote.