Nimelala ndani ya boksi la mbao: The Wood Hotel, Skellefteå

Nyota 5 kutoka kwangu. Hoteli iko kaskazini mwa Uswidi kwenye jengo la Sara Kulturhus, limefunguliwa 2021, ghorofa 20, karibu mita 75 kwenda juu, na hata mashimo ya lifti ni ya mbao sio zege. Chumba kilikuwa kimya, ukuta ni mbao tupu unaugusa kwa mkono, nililala kama mtoto.

Ila kabla ya kulala nilikagua kila kona, manake mimi ni injinia wa majengo. Vyumba hivi ni maboksi yaliyotengenezwa kiwandani yakaja kupangwa moja juu ya jingine katikati ya minara miwili ya lifti. Sasa mtu aliyezoea "tutarekebisha hukohuko saiti" hapa ataanzia wapi? Kuna jengo nilisimamia Dar, msanifu akahamisha choo wakati slabu imeshamwagwa, fundi bomba akapiga nyundo akakata na nondo, mimi ndo nikaitwa kutafuta dawa, mpaka leo naliwaza lile tundu. Kwa maboksi mwanya huo haupo. Mashine ikianza kukata, mchoro umeshafungwa, kila njia ya waya na bomba inajulikana, kwa hiyo msanifu hawezi kuchora kivyake halafu akamrushia injinia, wanakaa meza moja na watu wa kiwanda toka mwanzo.

Na injinia naye hesabu zinaongezeka: boksi likiwa linaning'inia kwenye kreni, likitikisika kwenye lori, mvua isililoweshe kabla ya paa. Halafu mbao inabonyea kidogo kidogo, milimita moja kwa ghorofa sio kitu ila zikijumlishwa mpaka juu bomba la wima usipoliachia nafasi litapasuka. Moto nao unahesabiwa kwa unene, mbao laini inaliwa na moto kama milimita 0.65 kwa dakika kwa viwango vya Ulaya, so unaongeza unene ili kiini kibaki kimebeba mzigo.

Kinachopotea ni uhuru wa chumba, vipimo vinafuata boksi. White Arkitekter, kampuni ya wasanifu waliochora jengo hili, uhuru wao wameuweka chini, kwenye kumbi za maigizo na maktaba, pitia huko usikimbilie lifti.

Ukibuku omba chumba cha juu. Na ukifika mlangoni angalia pale boksi lako linapokutana na korido, mimi nilipiga magoti kabisa kuutafuta ule mshono.