TAHADHARI: "Dawa ya ukungu" ya maua ya ndani iliyo kwenye chupa ya maji

Wapenda maua wenzangu wa Dar, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na "dawa ya ukungu". Chupa ya maji ya nusu lita, haina lebo, elfu kumi na tano. Mimi ameshanipiga.

Monstera yangu, lile ua la majani makubwa yenye matundu ya asili, ilitoa madoa ya kahawia yenye duara la njano. Nikamtumia picha, naye akanirushia mbili zake: jani la monstera lenye madoa, na jani hilohilo eti siku tatu baadaye, kijani tupu. Nikalipa. Masharti yake: pulizia majani yote kila usiku wiki nzima, usikate hata moja.

Siku ya nane madoa yalikuwa yameingia majani manne mengine na kingo zimeungua. Nikaitikisa ile chupa: povu mpaka shingoni, harufu ya sabuni ya vyombo.

Lakini masharti ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Ukungu huu ni kuvu, na huota jani likikaa na maji saa nyingi. Ukililowesha usiku, madirisha yamefungwa, linaamka bado limelowa. Yaani nimetoa hela yangu kuulea ugonjwa! Halafu penye doa pameshakufa, hapageuki kijani tena. Hata dawa halisi, ya kopa (shaba) au mankozebu (kiua kuvu cha dukani), inazuia usienee tu. Nikazirudia zile picha: jani la kwanza lina matundu matano, la pili saba. Majani mawili tofauti, na picha nilikuwa nazo kwenye simu muda wote.

Kilichoiokoa ni mkasi. Nilikata majani yote yenye madoa, nikiufuta kwa spiriti kila nikikata, nikayafunga kwenye mfuko na kuyatupa, sikuyatia kwenye mboji. Vyungu nikavitenganisha hewa ipite, na maji sasa namwagia udongoni, asubuhi. Majani mawili mapya yametoka safi, bila dawa yoyote.

Ukilazimika kununua, nenda duka la pembejeo, uchukue pakiti iliyofungwa yenye namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na maelezo ya kuchanganya. Pulizia nje, uvae glavu, watoto na paka wakae mbali.

Nilipodai hela yangu akaniblok, na nasikia namba anabadilisha. Kwa hiyo msimtafute kwa namba. Akiwatumia picha za "kabla na baada", hesabuni matundu.