Klachi na flaiwili za gari la dragi: pima gari kabla ya kusoma boksi

Ndugu watazamaji, karibuni. Juu ya benchi hili nimeweka flaiwili mbili, yaani magurudumu mazito yanayozunguka na injini, disiki tatu za klachi, na preshapleti mbili, yaani vifaa vya springi vinavyoibana disiki kwenye flaiwili. Vyote ni vya kufungwa kwenye gari la mbio za dragi, zile fupi za njia iliyonyooka, lenye gia za mkono. Kila boksi limeandikwa kiasi cha nguvu ambacho kifaa chake kinaweza kubeba, na wanunuzi wengi huishia hapo. Mimi nitaiweka namba hiyo kando kwanza, kwa sababu yapo mambo mawili yanayoamua zaidi, nayo ni uzito wa gari na namna linavyoondoka mstarini.

Tuanze na flaiwili. Hii ya kulia ni ya feleji, na mizani inasoma kilo 11. Hii ya kushoto ni ya alumini, ina kilo 5 na nusu, na mkiitazama kwa karibu mtaona bamba la feleji lililofungwa usoni pake kwa skrubu, kwa kuwa alumini ni laini mno kusuguana na disiki. Zote mbili zina kipenyo cha sentimita 30. Tukizichukulia kuwa na unene ulio sawa kutoka katikati hadi ukingoni, ile nzito ikizunguka mara 6000 kwa dakika huwa imebeba nishati ya takribani kilojuli 24, na nyepesi nusu ya hizo. Lau kilojuli 24 zingefika zote kwenye matairi, zingelitoa gari la kilo 1400 pale liliposimama hadi mwendo wa kilomita 21 kwa saa. Hazifiki zote, maana sehemu kubwa hugeuka joto klachi inapoteleza, lakini mmekwisha kuona kwa nini flaiwili nzito humsaidia mwenye gari zito na injini ndogo.

Nilijifunza hilo kwa gharama yangu. Niliwahi kufunga flaiwili ya alumini kwenye gari zito ambalo injini yake haikuwa na torki (nguvu ya kuzungusha) ya kutosha kwenye mizunguko ya chini, nikiamini kwamba chepesi ni bora siku zote. Kila nilipoachia klachi, injini ilizama na gari likawa kama limefungwa kamba nyuma. Nikaanza kuondokea kwenye mizunguko ya juu zaidi huku nikiiachia klachi polepole, na disiki yenyewe ndiyo hii. Sogezeni macho hapa: vichwa vya ribiti, zile pini zinazoshikilia uso wa disiki, vimebaki karibu sawa na uso wa msuguano, kingo zimegeuka nyeusi, na harufu ya kuungua ingalipo hadi leo. Preshapleti yake ilikuwa na madoa ya buluu, ambayo ni alama ya feleji iliyopata joto kupita kiasi, nayo sikuithubutu tena.

Hata hivyo, flaiwili nyepesi ina haki yake. Klachi ikishashika kabisa, injini hulazimika kuizungusha flaiwili kwa kasi zaidi kila gari linapoongeza mwendo, na mzigo huo hukuzwa na uwiano wa gia uliozidishwa kwa wenyewe. Chukueni gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.0, difu (gia za ekseli) ya uwiano wa 4.1 na tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 33: flaiwili hii ya kilo 11 huwa kama mzigo wa kilo 170 uliopakiwa garini, ilhali katika gia ya uwiano wa moja kwa moja mzigo huo hushuka hadi kilo 19 hivi. Kwa hiyo faida ya wepesi hupatikana katika gia za chini, na gari jepesi lenye injini kali huivuna yote. Tena, flaiwili nzito hutoa kishindo kila gia inapobadilishwa, na kishindo hicho huweza kuyang'oa matairi yaliyokuwa yameshika.

Upande wa disiki, uwezo wa klachi hutokana na vitu vinne vinavyozidishwa: msuguano, nguvu ya kubana, nusu kipenyo cha wastani na idadi ya nyuso. Disiki moja, yenye nyuso mbili na msuguano wa 0.3, ikibanwa kwa nyutoni 10,000 kwenye wastani wa sentimita 12, hubeba nyutoni mita 720. Ukiongeza disiki ya pili unapata 1,440 bila kuugusa mguu wa dereva, na ndiyo sababu naipenda klachi ya disiki mbili kuliko preshapleti ngumu inayochosha mguu na kuibebesha kranki (shafti kuu ya injini) mzigo wa kusukumwa kwa mbele. Hii ya oganiki, yaani ya nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, huteleza kwa upole lakini haivumilii joto. Hii ya vipande vya seramiki huvumilia joto, ila hushika kwa ghafla, na ghafla hiyo huishia kwenye ekseli au kwenye meno ya gia. Kwa gari la mashindano pekee ningechukua hii ya tatu, ya chuma cha unga uliochomwa, kwa sharti kwamba iteleze kwa kipimo.

Kipimo hicho ni kazi ya preshapleti. Hii ya kwanza ni ya diaframu, yaani springi moja ya bapa yenye umbo la sahani, nyepesi kukanyaga, na hubana karibu sawasawa wakati wote. Hii ya pili ina vidole vyenye vipande vya uzito kwenye ncha. Springi zake huwekwa laini ili klachi iteleze kidogo wakati wa kuondoka, kisha mzunguko unapopanda, uzito ule husukumwa nje na kuongeza mbano. Kani hiyo hukua kwa mraba wa mizunguko, hivyo kutoka 4000 hadi 7000 huongezeka takribani mara tatu. Gari moja linaweza kurekebishwa kwa hali ya njia kwa kuongeza au kupunguza vipande hivyo vidogo, jambo ambalo diaframu haikupi.

Kuhusu usalama sina mjadala. Flaiwili ya chuma cha kusubu isiingie kwenye gari la dragi, kwa sababu inaweza kupasuka na vipande vyake vikatoboa sakafu. Tafuteni alama ya SFI, shirika la Marekani la viwango vya usalama wa vifaa vya mbio, namba 1.1 kwa klachi ya disiki moja au 1.2 kwa disiki nyingi, na kasha la kuzuia vipande lenye alama ya 6.1. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko California, gia boksi ya Don Garlits, dereva Mmarekani wa mbio za dragi, ililipuka alipokuwa anaondoka na kumkata sehemu ya mguu wa kulia, naye baada ya hapo akajenga gari ambalo injini imekaa nyuma ya dereva.

Sasa naifunga ile ya vidole. Bolti ni mpya, uso wa flaiwili nimeufuta mafuta yote, na nakaza kwa zamu, robo mzunguko kila upande, ili kifuniko kisipinde.